Tahadhari kwa wana-radiolojia: makongamano ya kitapeli yanayouza pointi za CPD zisizotambuliwa

Ndugu wanataaluma wenzangu,

Naandika tahadhari hii kwa madaktari bingwa wa radiolojia, wanafunzi wa uzamili na wataalamu wa upigaji picha za uchunguzi, hasa walio katika hospitali za mikoa, ambao hupokea mialiko ya makongamano ya nje kwa barua pepe na hawana mtu wa karibu wa kumuuliza kama mwaliko ni wa kweli. Mimi nilikuwa na watu wa kuwauliza, sikuwauliza, na nikalipa dola 849 za Marekani, bila kuhesabu nauli, kwa ajili ya kongamano ambalo cheti chake hakikunipa hata pointi moja ya elimu endelevu (CPD), zile ambazo leseni zetu huzidai.

Waandaaji siwataji kwa jina kwa sababu jina lenyewe halitawasaidia ninyi wasomaji. Tangu nilipolipa, tovuti yao imebadilishwa jina mara mbili, huku picha, ratiba na hata makosa ya tahajia yakibaki yale yale. Kitakachowasaidia ni kuijua njia yao.

Mwaliko ulinifikia wiki chache baada ya jarida moja kuchapisha ripoti yetu fupi kuhusu mgonjwa, ambayo ilikuwa na anwani yangu ya barua pepe kama mwandishi wa mawasiliano. Huko ndiko wanakookota anwani. Barua ilitaja kichwa cha ripoti yetu neno kwa neno, ikanisifu kwa mchango wangu adhimu katika fani, na ikanialika nizungumze katika kongamano la dunia la radiolojia litakalofanyika Dubai kwa siku tatu. Mtu anayeshinda kutwa nzima akisoma picha peke yake, bila mtu wa kumwambia ahsante isipokuwa daktari wa upasuaji anayetaka majibu haraka, hupokea sifa kama hizo kwa moyo mkunjufu, nami nilizipokea hivyo.

Nilituma ikisiri, yaani muhtasari wa mada yangu, Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi, kabla sijafika kazini, ilikuwa imeshakubaliwa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, kwa sababu mkutano wa kisayansi wenye wahakiki haukubali kazi ya mtu kwa usiku mmoja. Wahakiki ni madaktari wenye zamu na wagonjwa kama sisi, na majibu yao huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Sikusimama. Nililipa ada ya dola 699 kwa kadi ya benki, na siku nne kabla ya safari, tiketi ikiwa imeshakatwa, nikaandikiwa kwamba zinahitajika dola 150 zaidi kwa ajili ya kusajili pointi, zitumwe kwa njia ya kutuma fedha kwa mtu binafsi aliye katika nchi nyingine kabisa. Nazo nikazituma, kwa kuwa nilikwisha kuingia majini.

Ukumbi ulikuwa chumba kimoja cha mikutano katika hoteli ya kawaida. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye majina ya makongamano manne: radiolojia, uuguzi, tiba ya meno na lishe. Yote yalifanyika mle mle, kwa pamoja, na watu tulikuwa 19. Aliyenitangulia alizungumzia unyonyeshaji, aliyenifuata alizungumzia meno ya bandia, nami katikati yao nikaonyesha picha za CT za utumbo uliojisokota mbele ya watu ambao hapakuwa na hata mmoja wa kuniuliza tulitumiaje dawa ya kontrasti au kwa nini hatukuanza na ultrasaundi.

Kilichoniuma zaidi kuliko fedha ni warsha ya vitendo ya Doppler, yaani ultrasaundi inayopima mtiririko wa damu mishipani. Idara yetu ilikuwa imepokea mashine mpya, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefundishwa ipasavyo kupima mishipa ya figo. Niliahidi wenzangu kwamba nitakwenda kujifunza na nikirudi nitawafundisha. Warsha hiyo ilitangazwa kwenye ratiba, siku ya pili, saa nne. Hapakuwa na mashine wala mkufunzi, na mratibu, kijana aliyekuwa pia ndiye mpiga picha na mgawa vyeti, alisema imeahirishwa hadi kongamano lijalo, ambalo tungeweza kulihudhuria kwa punguzo. Profesa ambaye picha yake ilikaa juu kabisa ya tovuti hakuonekana. Niliporudi nyumbani nilimwandikia kupitia anwani ya chuo chake, akanijibu kwamba hajawahi kulisikia kongamano hilo na kwamba si mara ya kwanza picha yake kutumiwa na watu asiowajua.

Cheti changu kilisema nimepata pointi 60. Nawaomba tuitazame namba hiyo kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo kipimo chepesi kuliko vyote. Katika mfumo wa Marekani na katika mfumo wa Ulaya, pointi moja ya elimu endelevu kwa madaktari ni sawa na saa moja ya mafunzo. Siku tatu zenye saa saba za mihadhara kila siku haziwezi kuzidi pointi 21, na hiyo ni kwa mtu aliyekaa kitini tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekuahidi pointi 60 kwa siku tatu anakuuzia saa 20 za masomo kwa siku. Nilipowasilisha cheti ili pointi ziingizwe kwenye kumbukumbu zangu za leseni, nilielezwa kwa upole kwamba mtoaji hatambuliwi popote, nikalazimika kutafuta pointi nyingine katika muda mfupi uliobaki.

Mambo haya si ya watu wawili watatu waliojificha. Mwezi Agosti 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki mahakamani kampuni ya OMICS Group yenye makao Hyderabad, India, pamoja na kampuni zake dada iMedPub na Conference Series. Madai yalikuwa kwamba ilitangaza makongamano kwa kutumia majina ya wataalamu mashuhuri ambao hawakuwa wamekubali kushiriki, kwamba ilificha ada za uchapishaji hadi kazi ya mwandishi iwe imeshakubaliwa, na kwamba ilidai majarida yake yameorodheshwa katika PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ilhali si kweli. Mwezi Machi 2019 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Nevada iliamuru walipe zaidi ya dola milioni 50. Nilipoisoma hukumu hiyo, kwa kuchelewa, niliona safari yangu yote imeandikwa humo: mzungumzaji asiyekuwapo, ada inayoibuka baadaye, jina kubwa linalotajwa bila idhini. Kama mahakama imeshayaeleza haya waziwazi, hatuna sababu ya kuendelea kuyajifunza kwa mishahara yetu.

Basi kabla ya kulipa, thibitisha pointi kwa yule anayezitoa, wala usitosheke na maneno ya anayeuza mkutano. Utaratibu wenyewe ni mwepesi mtu akishaujua, ila unatofautiana baina ya Marekani na Ulaya, na matapeli huishi katika tofauti hiyo. Kwa Ulaya, chombo kinachoitwa EACCME, kilicho chini ya umoja wa madaktari bingwa wa Ulaya, UEMS, hupitia maombi ya mkutano mmoja mmoja. Mkutano ulioidhinishwa huonekana kwa jina na tarehe kwenye tovuti yake. Kwa Marekani, ACCME, baraza la ithibati la elimu endelevu ya madaktari, haiidhinishi mkutano, bali huidhinisha taasisi inayotoa mafunzo, na orodha ya taasisi hizo iko wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo tangazo linalosema kwamba kongamano lenyewe limepewa ithibati na ACCME limekwisha kujifichua. Vilevile Chama cha Madaktari cha Marekani, ambacho pointi zake hujulikana kama AMA PRA, hakiruhusu tangazo la mafunzo kusema kwamba pointi zimeombwa na zinasubiriwa: ama zimeidhinishwa, ama hazitajwi. Kipeperushi changu kilisema maombi yamewasilishwa, na mimi nilidhani huo ni uaminifu wao.

Baada ya hapo, liandikie baraza linalokusajili uulize kama litazipokea pointi hizo, na utunze jibu lao. Kwa madaktari wa Tanzania Bara hilo ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Wataalamu wa upigaji picha wana baraza lao. Jibu la maandishi kabla ya safari lina thamani kuliko cheti chenye muhuri wa dhahabu baada ya safari.

Jingine la kutazama ni upana wa mada. Mkutano wa kweli huwa na fani yake: kuna wa mfumo wa fahamu, wa matiti, wa watoto, wa tiba radiolojia (matibabu yanayofanywa kwa kuongozwa na picha), na hata ile mikubwa inayokusanya radiolojia yote haichanganyi radiolojia na meno. Tazama pia kama waandaaji hao hao wana makongamano mengine kadhaa mwezi huo huo katika miji mbalimbali, kila moja likiitwa la dunia. Ila mji peke yake usiwe kigezo cha kumhukumu mtu. Dubai ilikuwa mwenyeji wa maonyesho makubwa ya afya ya Arab Health kwa miaka mingi, na wengi wetu tumejifunza huko mambo ya maana.

Wapo pia matapeli wanaojibandika kwenye mikutano ya kweli, na hawa ni wabaya zaidi kwa kuwa ukihakiki mkutano utaukuta upo. Mkutano mkuu wa RSNA, chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, hufanyika Chicago, katika ukumbi wa McCormick Place, kila mwaka mwishoni mwa Novemba kuingia Desemba. Ule wa chama cha radiolojia cha Ulaya, ECR, hufanyika Vienna. Miezi kadhaa kabla, watu hujitambulisha kwa simu na barua pepe kuwa ni mawakala rasmi wa malazi, wakisema vyumba vinakaribia kwisha na ulipe leo hii. Wengine huuza orodha ya majina na anwani za washiriki, orodha ambayo ama haipo ama imeibwa. Anza na tovuti ya chama chenyewe, uiandike anwani kwa mkono wako badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa, kisha ufuate malazi na usajili kutoka hapo. Na mtu yeyote asikuambie kwamba kwa dola kadhaa atakuhakikishia viza. Barua ya mwaliko haimfungi afisa wa ubalozi, na ada ya viza hairudishwi ukinyimwa.

Najua kinachotusukuma. Leseni inataka pointi, hospitali haina bajeti ya mafunzo, na mashine mpya huletwa bila mtu wa kutufundisha. Lakini mafunzo ya kweli yapo na mengine hayana gharama. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lina masomo ya bure ya radiolojia na fizikia ya tiba katika ukurasa wake wa Human Health Campus. Na kwa mafunzo ya vitendo tuna mfano hapa hapa Muhimbili, ambako tangu 2018 timu za wataalamu wa tiba radiolojia kutoka nje zimekuwa zikija kwa zamu kufundisha madaktari wetu kwa mikono, mgonjwa akiwa mezani, kupitia mpango wa Road2IR. Mafunzo ya aina hiyo unaweza kuyaulizia: nani alifundisha, nani alihitimu, wagonjwa gani wanatibiwa leo ambao zamani wangepelekwa India. Lile kongamano langu, hakuna wa kumuuliza.

Kwa aliyekwisha kulipa: usione haya, na usingoje. Kama ulilipa kwa kadi, nenda benki leo ukapinge muamala huo kwa maandishi, ukiambatanisha ratiba iliyotangazwa na uthibitisho wa kile kisichotolewa, kwa kuwa muda wa kupinga una kikomo na wao wanakijua; ndiyo maana hukujibu kwa ahadi ya kuhamishia ada yako kwenye mkutano ujao. Mimi nilipinga nikiwa bado ndani ya muda, na baada ya miezi miwili nikarejeshewa zile dola 699. Zile 150 nilizomtumia mtu binafsi hazikurudi. Kama ulitoa ikisiri au makala, waandikie kwamba unaiondoa na hutoi idhini ya kuchapishwa, kabla hawajaitia kwenye jarida lao, maana ikishatokea huko huenda jarida la heshima lisiipokee tena. Kama uliwatumia nakala ya pasipoti au ya leseni yako, toa taarifa polisi na kwa baraza lako. Na kama picha yako imeanza kuonekana kwenye tovuti yao kama mzungumzaji wa mwaka ujao, kama yangu ilivyoonekana, waandikie kuwataka waiondoe, kisha uwaarifu wenzako wa idara kabla mmoja wao hajajiandikisha kwa kuona jina lako.