Uzoefu wangu: Kutembezwa na kuonjeshwa matunda kwenye shamba la machungwa Ukerewe

Nianze na jibu, maana tangu niweke picha za shamba hili kila mtu ananiuliza kama inafaa kwenda: ndiyo, nendeni. Kama unaishi Mwanza na unapenda matunda, safari hii inalipa. Yapo mambo ambayo wenye shamba wanapaswa kuyarekebisha na nitayasema, lakini kwa utamu wa nilichokula chini ya ile miti, na kwa niliyojifunza kuhusu tunda ninalolinunua kila wiki, ningelipa tena bei ileile bila kuvutana.

Shamba ni la familia, halina jina la biashara wala kibao barabarani. Liko kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, nje ya mji wa Nansio, unafika kwa bodaboda. Tulikwenda kikundi cha akina dada wa kikoba, mwezi Julai, na tulilipa shilingi 30,000 kwa mtu mzima. Hiyo ni matembezi, kuonja na chakula cha mchana. Watoto wanalipa nusu.

Kuhusu njia: ukitoka bandarini Mwanza kwa meli ni kama saa tatu hadi Nansio. Wasiopenda maji mengi wanapita barabara ya Bunda hadi Kisorya, wanavuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha wanaingia Nansio kwa gari. Mimi napenda meli. Ila huku ziwani hatujasahau Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, kwa hiyo ukikuta chombo kimejaza kupita kiasi usione aibu kubaki gatini ukasubiri kingine. Na boya la kuokolea ujue liko wapi kabla hamjaondoka.

Tulipokelewa na mama mwenye shamba. Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu, poleni na maji," akatuwekea chai ya majani ya mlimao iliyochemshwa bila majani ya chai kabisa. Ina harufu nzuri na haina uchungu. Aliyetutembeza ni mwanawe, kijana anayelijua shamba lake mti kwa mti, na hapa ndipo sifa zangu nyingi zinakwenda. Hakusoma maelezo ya kukariri. Kila aliposimama alitupa kitu mkononi: jani la kuponda, ganda la kunusa, tawi la kushika.

Alianzia kwenye miti mizee ya mbegu aliyopanda babu yake. Ni mirefu, imejaa miiba mirefu ya kuchoma kweli, na kuchuma juu kule ni kazi ya ngazi. Mti uliotokana na mbegu, alisema, unaweza kukusubirisha miaka 7 au zaidi kabla hujaona tunda, lakini mti wa kubebesha, yaani uliounganishwa na jicho la mti mwingine, unazaa ndani ya miaka 3 au 4. Kisha akatupeleka kwenye kitalu kutuonyesha kubebesha kwenyewe. Akachukua mche wa limao, akachana gome kwa kisu kikali alama ya herufi T, akalifungua taratibu kwa ncha ya kisu. Kwenye kijitawi cha mchungwa akakata jicho moja, yaani kichipukizi, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akalichomeka chini ya gome, akafunga kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie. Baada ya wiki kama tatu anafungua: jicho likiwa bado la kijani, limeshika. Mizizi inabaki ya limao, inayovumilia, na juu linakua chungwa. Mwenzetu mmoja aliruhusiwa kujaribu mche wake, na kijana akamsahihisha kwa upole jinsi ya kukishika kisu. Hapo tulikaa muda mrefu na hakuna aliyelalamika.

Pale kitaluni alituonyesha pia kiwavi ambaye ningempita bila kumwona, kwa sababu amejigeuza kama kinyesi cha ndege juu ya jani. Kijana akamgusa kwa unyasi, na papo hapo kikachomoza nyuma ya kichwa kipembe chenye ncha mbili, cha rangi ya chungwa, na harufu kali ikatupiga puani. Huyo ndiye anakuja kuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayeonekana sana kwenye bustani zetu. Kwenye miche midogo wanaokotwa kwa mkono, maana wachache tu wanamaliza majani. Kwenye mti mkubwa anawaacha.

Nzi wa matunda ndiye adui wa kijana hasa. Ametundika chupa za maji zilizotobolewa matundu, ndani kuna pamba yenye dawa ya kuwavuta madume. Tunda lililodondoka halali chini hata siku moja. Linaokotwa na kufukiwa, kwa sababu funza wakitoka mle wanaingia ardhini na kurudi wakiwa nzi. Kwa kweli shamba ni safi. Nilitazama chini ya miti kwa makusudi.

Sasa nifike kwenye kilichobadilisha namna yangu ya kununua machungwa. Kijana alileta machungwa mawili ya mti mmoja. Moja lilichumwa wiki tatu nyuma likiwa halijakomaa vizuri, likakaa kwenye tenga ndani ya banda. Jingine alilichuma mbele yetu. La kwenye tenga lilikuwa limegeuka manjano, laini kidogo, linavutia. La mtini lilikuwa kijani, na chini limeanza kupauka tu. Akatuuliza tunachagua lipi, na wengi wetu tukanyooshea kidole la manjano. Tukaonja. La manjano lilikuwa kali, limebana ulimi, na maji yake yamepungua. La kijani lilikuwa tamu hadi kooni.

Maelezo yake ni haya. Embe na ndizi zikichumwa zimekomaa zinaendelea kuiva ndani ya nyumba, lakini chungwa haliivi tena likishaondoka mtini. Sukari iliyomo siku ya kuchumwa ndiyo hiyohiyo utakayokula, hata ulifunike kwa gunia mwezi mzima. Na rangi si kipimo. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake kwa baridi ya usiku, ndiyo maana yale ya Hispania yanakuwa na rangi kali. Sisi tuko karibu na ikweta, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, usiku wetu una ubaridi kiasi lakini si wa kutosha, hivyo chungwa letu linaweza kuiva kabisa likiwa kijani. Cha kuangalia ni uzito mkononi, ganda lililolainika na kung'aa, na vile vitundu vyake kutoonekana sana.

Nikamuuliza mama kwa nini basi yale ya sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, mara nyingi yanakuwa makali, na yametoka hukuhuku. Hakunificha. Wanunuzi wanakuja mapema, kuanzia Aprili, wanakadiria mti mzima kwa macho na kulipa fedha taslimu. Wakishalipa, siku ya kuchuma ni yao, nao wanataka kuwahi soko kabla mzigo haujawa mwingi. "Mwenye shida habishani bei, mwanangu," alisema. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule, mti unauzwa na maua yake. Maua yanayotoka na mvua za kwanza za vuli, Oktoba, ndiyo yanakuwa chungwa tamu la Juni na Julai, kwa hiyo la Aprili bado halijamaliza safari yake. Fedha ya wageni, alisema, imemwezesha kuacha sehemu ya miti bila kuiuza mapema. Hilo lilinigusa kuliko kitu kingine siku hiyo, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kupeleka watu pale.

Kuonja kulifanyika kivulini, juu ya mkeka, na mpangilio wake ulikuwa wa akili. Kwanza chenza, halafu balungi lile kubwa lenye ganda nene, kisha chungwa. Sababu: chungwa tamu lilizaliwa huko Asia zamani kutokana na kuchanganyika kwa balungi na chenza. Ukishaonja wazazi wawili mfululizo halafu ukamwonja mtoto, unawasikia wote wawili mdomoni, utamu na harufu ya chenza, na ule uchungu mdogo wa balungi kwa nyuma. Sijawahi kufikiria hivyo maishani mwangu, na sasa kila nikila chungwa nautafuta ule uchungu.

Kijana alisisitiza tusifyonze. Sisi tumezoea chungwa limenyolewa ganda la juu kwa kisu, likabaki jeupe, likakatwa kifuniko, tukaminya na kufyonza. Kwa kuonja alikata vipande na kutaka tutafune na nyama yake, na kabla ya hapo tukwaruze ganda kwa ukucha na kunusa. Kisha akawasha kiberiti na kuminya kipande cha ganda mbele ya moto. Mafuta yaliyoruka yakawaka kwa vijimoto vidogovidogo, na harufu ikajaa pale mkekani. Watoto waliomba arudie hadi kiberiti kikakaribia kuisha.

Tulionja pia aina mbili za chungwa: Valencia, lenye maji mengi, na Washington Navel, lile lenye kitovu na lisilo na mbegu. Kwa kuwa halina mbegu, haliwezi kuongezwa ila kwa kubebesha. Miti yake ilitoka Bahia, Brazil, ikafika Washington, Marekani, mwaka 1870, na jicho la mti kwa jicho la mti limesambaa duniani hadi kufika Ukerewe. Kwa ladha mimi nachagua Valencia. Navel ni rahisi kula lakini utamu wake ni wa upande mmoja. Chungwa la mti wa mbegu wa babu lilinishangaza: dogo, mbegu tele, ganda gumu, na harufu iliyoyashinda yote.

Chakula kilikuwa sato wa kuchoma, amepasuliwa mgongoni, amepakwa chumvi na ndimu tu, na ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, uliosongwa na mama mwenyewe. Akikamuliwa ndimu mbichi iliyochumwa hapo hapo, yule samaki hahitaji kitu kingine. Kulikuwa na dagaa wa kukaanga na limao, wakavu, kwa sababu tulifika wakati wa mbalamwezi na wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Kulikuwa pia na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na kachumbari iliyotiwa vipande vya chungwa, ambayo nimeshaanza kuitengeneza nyumbani.

Yasiyonifurahisha ni haya. Tuliambiwa tutaanza saa tatu asubuhi, tukaanza karibu saa tano kwa kuwa walikuwa wanasubiri kundi jingine, na jua la Julai saa sita si la kutembea shambani na watoto. Makundi mawili yakaunganishwa, hivyo waliokuwa nyuma hawakusikia nusu ya maelezo. Juisi iliwekwa sukari. Baada ya kutufundisha yote yale kuhusu utamu wa tunda lililoivia mtini, kumimina sukari humo ni kuharibu, na nilimwambia mama waziwazi. Akasema wageni wengi wanaidai. Basi waweke majagi mawili. Na maji ya kunawia yalikuwa ndoo moja kwa watu wote, wakati mikono yetu ilikuwa inanata hadi viwikoni. Ndoo za bomba mbili na sabuni zingetosha.

Ukienda, vaa viatu vya kufunika, kwa sababu matawi yenye miiba yanapogolewa na mengine yanabaki kwenye nyasi. Nenda kati ya Juni na Agosti. Machi hadi Mei kuna mvua, njia ya shamba ina tope, na miti mingi haina la kuonja. Lala Nansio usiku mmoja kabla, utafika shambani mapema na kudai muanze saa mliyoahidiwa. Machungwa ya kubeba wanayauza kwa tenga dogo na unaruhusiwa kuchagua mwenyewe mtini, ila wanataka ukate kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi, kwa sababu ukivuta ganda linachanika juu na tunda linaoza njiani. Balungi ni la kuagiza, mti ni mmoja tu, kwa hiyo sema unapopiga simu. Namba ya mama siiweki hapa hadharani, nitafute nikuunganishe naye.