Mafunzo ya nywele na ngozi ya kichwa, Ngamiani Tanga: nimemaliza siku sita, haya ndo maoni yangu

Wasusi wenzangu wa Tanga, mliokuwa mnaniuliza mbona wiki nzima nimefunga kibaraza, nilikuwa darasani. Kuna saluni moja Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ina mlango wa kijani na benchi la mbao nje, mwenyewe anafundisha wasusi siku sita, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, elfu sitini. Na hafundishi kusuka, kusuka anataka uende nako. Anafundisha nywele ni kitu gani na kichwa kina nini kabla hujakigusa.

Mi nasuka mwaka wa 11 huu, twende kilioni, rasta, uzi, vitunguu, chochote utakacho, na nilienda nikijua naongezea viwili vitatu tu. Siku ya kwanza mwalimu katuambia kila mtu achomoe unywele wake mmoja, aushike kati ya kidole gumba na cha shahada auviringishe. Usipousikia kabisa basi ni mwembamba, ukiusikia kama uzi wa cherehani ni mnene. Alafu akasema sasa pitisha vidole kutoka nchani kurudi kwenye mzizi, polepole. Wangu ulikwaruza. Akaniuliza, ushapapasa samaki kutoka mkiani kwenda kichwani? Ndo hivyo hivyo, unywele nao una magamba, yanalala kuelekea nchani, na yakishafunguka maji yanaingia haraka na kutoka haraka, ndo maana wewe unapaka mafuta asubuhi na mchana kichwa kikavu. Mi nimekulia kwenye kuparua samaki, changu na kolekole, sikuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Tukaulowesha ule ule, tukauvuta. Unywele mzima ukiwa umelowa unaweza kuvutika mpaka karibu nusu ya urefu wake ukarudi. Wangu ulikatika pap. Nilinyamaza kidogo, maana nilijua ni dawa za kulainisha nywele za miaka ile. Niliwahi kuwekwa dawa kwenye saluni moja siku ambayo nilikuwa nimejikuna sana usiku, nikamwambia dada kichwa kinawasha, akasema vumilia dakika tano ishike vizuri, nilitoka na vidonda nyuma ya sikio vilivyokaa wiki tatu. Sasa hapa darasani ndo nimeelewa, dawa nyingi za kulainisha zina sodiamu haidroksaidi, kwenye kipimo cha pH maji ni 7 na hizo zinapita 12, yani ni kali kiasi cha kuvunja vile viunganisho vya ndani vinavyoipa nywele umbo lake, sasa fikiria inakuta ngozi iliyochubuka. Mwalimu alisema mteja akija na mkwaruzo au kidonda dawa haiwekwi, na akisema inachoma unaosha hapo hapo, hamna cha dakika tano.

Kitu kingine kilichonigusa ni hili neno letu la nywele ngumu. Mtu anakaa kwenye kiti tunamwambia una nywele ngumu wewe. Kumbe ya kipilipili ndo rahisi kuvunjika kuliko ya singa, kila inapojikunja pana udhaifu, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi yanashindwa kushuka kwenye mikunjo mpaka nchani, kwa hiyo inakauka. Sasa mtu wa hivyo sisi tunamchana kavu, kwa nguvu, kuanzia kwenye mzizi. Nimekatazwa na nimekoma, naanzia nchani, nywele ina unyevu, na kitana cha meno mapana.

Siku ya tatu na ya nne ni ngozi ya kichwa, na kwa hizo mbili peke yake ningelipa hiyo hela. Alituonyesha kutofautisha. Mba wa kawaida ni unga unga mweupe, hauambukizi, na mara nyingi shampuu ya mba inatosha ukiitumia kwa mfululizo. Ukiwa wa mafuta, rangi ya njano, umegandana na chini pekundu, hilo limezidi kidogo, aende akaonwe. Magamba mazito yanayong'aa kama fedha na yanavuka mpaka kwenye paji la uso, huyo ni wa daktari wa ngozi, na wala haambukizi, usimnyanyapae. Chawa haruki wala hapai, anatembea kutoka kichwa hadi kichwa, na akitoka kichwani hamalizi siku mbili tatu ni mfu.

Mapunye tuliyaona kwa macho. Siku ya nne mama mmoja kaja na binti yake wa miaka kama saba, anataka asukwe ya sikukuu. Mwalimu kampigia magoti mtoto, kamsalimia kwanza, kamwambia mwanangu nikuangalie, akagawa nywele kwa mkia wa kitana. Juu kidogo ya kisogo kulikuwa na duara kama shilingi mia mbili, kama limemwagiwa majivu, na ndani yake nywele zimekatikia kwenye ngozi zimebaki doti doti nyeusi. Hakusema kitu mbele yetu. Alimvuta mama pembeni akamnong'oneza, mama, leo simsuki, huyu apelekwe hospitali, na nenda hata Bombo wakamuone. Yule mama kumbe alikuwa anapaka kitunguu saumu mwezi wa pili huo. Baada ya wao kuondoka ndo akatueleza, ni fangasi, wanaingia mpaka ndani ya unywele na mzizi wake, dawa ya kupaka peke yake haifiki, daktari anatoa vidonge na vinamezwa wiki kadhaa. Na yanahama kwa kitana, kofia, taulo, mashine za kunyolea.

Nilijiuliza ni watoto wangapi nimewasuka mi na kitana changu kimoja, nikikung'uta tu naendelea. Sasa navyo vitana sita. Unavitoa nywele, unaosha na sabuni kwanza maana dawa haipenyi kwenye uchafu, alafu unavilowesha kwenye maji ya jiki dakika 10, unasuuza. Vya chuma jiki inavipigisha kutu, hivyo tumia spiriti.

Alafu panja. Hapa nataka wasusi mnisikilize vizuri maana ni sisi wenyewe. Nywele za mbele kwenye panja ndo nyembamba na ndo tunazozivuta kuliko zote, mteja anataka ikae wiki nane, tunambana mpaka nyusi zinapanda, na mi nimewaambia watu mara ngapi, meza panadol kesho itakuwa imelegea. Mwalimu anasema kuuma ndo taarifa yenyewe. Vikishatoka vipele vidogo kwenye mstari wa mbele ujue mzizi unang'oka. Ukiacha mapema zinarudi, ukiendelea miaka pale panakuwa kovu, panang'aa, na hapaoti tena hata upake nini. Nina mteja wangu wa Makorora nimemsuka tangu msichana, panja zake nazijua, na nilipoambiwa hivyo nilimuona yeye mbele yangu. Nimeshamfata nyumbani nimemuomba msamaha na nimemwambia tupumzike rasta kwanza.

Kuna na lile la kufumua. Mteja anafumua rasta za wiki sita anaona donge la nywele anapiga kelele kwamba msusi kamharibu, au kuna jicho la mtu. Hesabu ni hii, kichwa kizima kinadondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku, zikiwa zimesukwa haziendi popote zinakaa humo humo, wiki sita ni kama 2,000 mpaka 4,000. Donge ni halali yake. Na aliyejifungua akidondosha sana mwezi wa tatu hivi, hajarogwa, nywele zilizokuwa zimeshikilia wakati wa mimba zinapumzika na kutoka pamoja, mara nyingi zinarudi zenyewe. Kutoka kwa viraka vya ghafla vilivyo laini kabisa bila unga, hapo mpeleke hospitali.

Sasa mapungufu, maana nimelipa. Chumba ni kidogo, tulikuwa tisa, feni moja, na joto letu la Tanga mnalijua, siku ya pili umeme ulikatika tukahamia kibarazani. Karatasi alizogawa ni za kiingereza tupu, nusu ya darasa hawakuzisoma, yeye anaeleza kiswahili kizuri sana kwa nini asiandike hivyo hivyo. Rangi na blichi, ile dawa ya kupausha nywele, amezipitisha saa moja tu, haitoshi, ndo zinaunguza watu siku hizi, alichosisitiza ni kumpaka mteja kidogo nyuma ya sikio na kusubiri saa 48, zaidi ya hapo tulikimbia. Na vinyozi wa kiume hawakuwepo hata mmoja wakati mapunye mengi yanapita kwenye mashine zao, angewaita.

Hata hivyo nampa nne juu ya tano na ningelipa tena. Kama una mtoto anayejifunza kusuka mpeleke kabla mkono haujazoea vibaya. Ukienda beba taulo lako na kitana cha mkia, na wiki hiyo usisuke kichwa chako, maana wa kwanza kukaguliwa ni wewe.