Galvanomita ya balistiki: kabla hujailipia, kagua breki yake

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna galvanomita ya balistiki, chombo cha kupimia chaji ya umeme, ile ya koili inayoning'inia, inayotumika kwenye maabara za fizikia za vyuo. Ukiikuta mtumba, muuzaji atakuonyesha kioo cha kwenye koili kinavyong'aa na doa la mwanga kinalolirusha linavyocheza kwenye skeli. Sawa, hayo ni mapambo. Kinachoamua kama vipimo vyako vitakuwa vya kweli ni breki, yaani ufifishaji wa mabembeo.

Kifuniko cha mbele nimekitoa, sogea uone. Koili ni ya waya mwembamba wa shaba, imening'inizwa kwa utepe wa bronzi ya fosforasi mwembamba kuliko unywele. Katikati yake kuna kipande cha chuma laini cha mviringo, na huku na huku ncha za sumaku zilizochongwa zikabonyea ndani. Sasa tazama fremu iliyobeba waya: si metali. Ingekuwa alumini, kila koili ikitikisika ndani ya sumaku fremu yenyewe ingezalisha mikondo ya kujizungusha, na mikondo hiyo ingeizuia. Ukikuta fremu ya metali, hiyo ni galvanomita ya kawaida hata kama kibao kinasema vingine.

Tofauti yao ni hii. Ya kawaida inakuonyesha mkondo unaopita sasa hivi, ya balistiki inapima chaji yote iliyopita kwa mpigo mmoja. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: msukumo uwe umekwisha bembea haijaondoka mahali pake, halafu wewe unaangalia imefika wapi. Ndiyo maana koili hii imefanywa nzito na ya polepole. Bembeo moja kamili, kwenda na kurudi, ni sekunde 10. Kapasita ya maikrofaradi 0.33 ikimwagwa kwenye koili ya omu 500 inakwisha ndani ya milisekunde 1. Koili haijapata hata habari.

Tujaribu. Kapasita tumeichaji kwa volti 1.5, kwa hiyo ina maikrokulombu 0.495. Skeli ipo mita 1 kutoka kwenye kioo. Namwaga... doa limeruka hadi milimita 200. Usiguse kitu, acha libembee. Hesabu miruko ya kulia na kushoto: wa 1 ni 200, wa 11 ni 110. Gawa 200 kwa 110, chukua logi ya asili, gawa kwa 10: unapata 0.06. Nusu yake ni 0.03, kwa hiyo mruko halisi, kama kusingekuwa na breki kabisa, ni 200 mara 1.03, yaani 206. Breki iliyopo hapa ni hewa na utepe tu, kwa sababu baada ya kapasita kwisha saketi iko wazi.

Sasa njoo kwenye kosa linaloharibu majaribio mengi. Mtu anapata kiwango cha chombo, yaani kila milimita ya mruko ni chaji kiasi gani, kwa kapasita kama tulivyofanya, kisha anaunganisha koili ya kupimia sumaku na kutumia kiwango kilekile. Haifai! Koili ya kupimia inafunga saketi. Koili ya galvanomita ikigeuka ndani ya sumaku inazalisha umeme wake, umeme huo unapata njia, na mkondo wake unairudisha nyuma. Ukinzani wa saketi ukipungua, breki inakaza.

Kibao cha hiki chombo kinasema ukinzani wa nje wa ufifishaji mahususi, yaani breki inayotosha tu kuzuia doa lisibembee, ni omu 2000. Ukijumlisha na 500 za koili, ni 2500. Hapo doa linapanda mara moja na kurudi sifuri bila kuvuka upande wa pili. Raha ya kazi ni hiyo, kwa sababu baada ya sekunde 12 hivi uko tayari kwa kipimo kingine, wakati saketi ikiwa wazi ungesubiri zaidi ya dakika 6. Lakini bei yake? Mruko unashuka hadi asilimia 37 hivi. Chaji ileile ya 0.495 inakupa milimita 76 badala ya 206. Ukitumia kiwango cha kapasita utaandika 0.18.

Dawa ni kupata kiwango ndani ya saketi ileile utakayopimia. Chukua solenoidi, yaani bomba lililozungushiwa waya, ndefu, yenye mizunguko 1000 kwa mita, na katikati yake koili ya mizunguko 500 yenye eneo la sentimita 10 za mraba. Koili hiyo iache kwenye saketi muda wote, hata ukipima kitu kingine, na kwa rezista ukamilishe jumla ya omu 2500. Geuza mwelekeo wa mkondo wa ampea 1 kwenye solenoidi, na maikrokulombu 0.503 zitapita. Soma mruko. Ukibadilisha rezista baadaye, kiwango hicho kimekufa, anza upya.

Swichi ya kusimamishia nayo ina adabu yake. Inaunganisha ncha mbili za koili moja kwa moja. Ibonyeze doa linapopita sifuri, kwani hapo ndipo mwendo ni mkubwa na breki inashika. Ukibonyeza doa likiwa pembeni, breki inakuwa kali mno, na doa litarudi kwa kutambaa kama konokono.

Kasoro za kukagua: doa likigota ghafla, koili inagusa chuma cha katikati, rekebisha skrubu za miguu kwa pima maji. Likikataa kurudi sifuri, huenda utepe umepinda kwa kuzidishiwa mkondo. Likisogea polepole bila sababu, ondoa vidole kwenye vituo vya kuunganishia waya, joto la mkono linazalisha umeme kidogo.

Kwa kufundishia, nainunua bila kusita. Kwa vipimo vya haraka vya kila siku, tafuta integreta ya kielektroniki, yaani kifaa kinachojumlisha chaji chenyewe. Ukiibeba kwenda nayo, funga kishikizo cha koili, kisha unganisha vituo viwili kwa kipande cha waya: breki ileile itailinda njiani.