Mninga kwenye karakana yangu: miaka sita, kabati moja na meza mbili

Kabati la nguo nililolitengeneza kwa mninga lina droo nne, na droo hizo ndizo zilizonifanya niandike. Mvua za mwaka wa kwanza zilipoanza, kila asubuhi nilizivuta moja baada ya nyingine nikisubiri hata moja ikwame. Hakuna iliyokwama. Leo ni mwaka wa sita, na ile nafasi niliyoiacha pembeni mwa kila droo, nyembamba kama unene wa kadi, bado iko vilevile.

Watu wengi huanza kuusifu mninga kwa rangi yake. Mimi naanza na utulivu wake. Mbao zote hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, kwa hiyo huvimba na kusinyaa kila msimu. Mninga nao hufanya hivyo, ila kwa kiasi kidogo sana kuliko mbao ngumu nyingi nilizowahi kuzishika. Unachelewa kukauka, hilo nalikubali, na fundi mwenye haraka atachoka nao. Lakini ukiupanga vizuri kivulini, ukaweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, unakauka bila kujipinda na bila kupasuka ncha. Ubao wangu mpana kuliko yote ndio uso wa meza ya chakula. Nikiweka rula juu yake leo, sioni mwanga ukipita chini.

Kwa jina la kitaalamu ni Pterocarpus angolensis, mti wa jamii ya kunde unaoota kwenye misitu ya miyombo kuanzia Tanzania kushuka hadi Afrika Kusini. Wazambia na Wazimbabwe wanauita mukwa, na huko kusini zaidi ni kiaat. Ukikata gome la mti mbichi unatoka utomvu mwekundu kama damu. Ubao wake ukishakauka una uzito wa kama kilo 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo, yaani ni mgumu wa kutosha kubeba kazi nzito lakini mtu mmoja anainua mlango wake bila kuita msaidizi. Mpingo, kwa kulinganisha, unazama majini.

Kwenye benchi mninga unakubali kazi kwa hiari. Msumeno unapita vizuri, patasi inachonga tundu lenye kuta safi, gundi inashika, na skrubu ikiingia haiachii, mradi utangulize keekee ukikaribia ncha ya ubao. Shida iko kwenye randa. Nyuzi za mninga mara nyingi zimepishana, tabaka moja linaelekea huku na linalofuata linaelekea kule. Nilipokuwa naranda mlango wa kwanza wa kabati, nusu ya ubao ilitoka laini kama kioo, kisha ghafla nikasikia sauti ya kukwaruza na vipande vidogo vikang'oka, vikaacha vishimo. Nikageuza ubao, pale palipong'oka pakawa laini, na palipokuwa laini pakang'oka. Kilichonisaidia ni kunoa upya, kurudisha kisu cha randa juu kidogo mpaka maranda yatoke membamba kama karatasi, halafu kumalizia kwa kipande bapa cha chuma cha kukwangulia kabla ya msasa. Hapo ndipo ule mchoro wake unapojitokeza: kahawia ya dhahabu yenye mistari ya kahawia iliyokolea, na mahali pengine wekundu kidogo. Vinyweleo vyake ni vikubwa, kwa hiyo anayetaka uso unaong'aa kama kioo azibe kwanza ndipo apige vanishi. Mimi napendelea mafuta ya kitani, tabaka jembamba mara tatu, kila moja likikauka vizuri. Vidole bado vinahisi ni mti.

Vumbi lake lichukulie kwa uzito. Siku ya kwanza nilipiga msasa bila barakoa, na usiku ule pua iliziba na macho yakawasha. Wapo wanaopata hata matatizo ya kifua. Tangu siku hiyo simsogezi mtu yeyote karibu na mashine ya msasa bila barakoa.

Sasa niseme kilichoniumiza. Kiini cha mninga, ile sehemu ya kahawia, mchwa hawauwezi kwa urahisi na hauozi upesi. Lakini chini ya gome kuna mbao nyeupe-manjano, na hiyo haina kinga yoyote. Muuzaji aliyenipa mbao za meza ya pili aliniambia, "Ukishapaka vanishi, nyeupe na nyekundu ni kitu kimoja." Nilimwamini. Mguu mmoja wa meza ulikuwa na ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili. Baada ya miezi minane nilikuta unga laini sakafuni, kama wa sembe, na vitundu vidogo vya duara vimejipanga kwenye ule weupe tu. Havikuvuka mstari wa kahawia hata kimoja. Nilitoa mguu, nikaukata weupe wote, nikabandika kipande cha kiini. Siku hizi ubao wenye weupe siuchukui hata nikipunguziwa bei, na kama umeingia karakana kwa bahati mbaya naukata kabla ya kupima chochote.

Ningeupendekeza mninga kwa nani? Kwa milango, madirisha, kabati, meza, sakafu, kila kitu kinachotakiwa kufunga na kufunguka bila kugombana na hali ya hewa. Kwa kazi ya kukunja kwa mvuke, tafuta mti mwingine.

Ninapoununua siku hizi naulizia na karatasi zake. Mche wa mninga huishi maisha ya ajabu: kwa miaka mingi shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena kutoka kwenye mzizi, mpaka mzizi upate nguvu ya kusimamisha mti. Mti mkubwa ukikatwa, anayepanda mwingine leo huenda asiupasue yeye mwenyewe. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama, miti ya jenasi ya Pterocarpus ya Afrika iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, hivyo mbao zake kuvuka mpaka wa nchi zinahitaji kibali. Kwa sababu hiyo vipande vyangu vilivyobaki sivichomi. Vile vya urefu wa kiganja vimekuwa vishikizo vya droo, na vifupi zaidi ndivyo vilivyoziba ule mguu wa meza.