Chupa ya chai: kabla hujalipa, angalia kizibo

Wadada mmenijazia inbox na malalamiko ni yaleyale, chupa mpya, stika ya masaa 24, chai imewekwa alfajiri ikifika saa nne asubuhi ishapoa. Na wote mnanitumia picha ya maua ya ubavuni. Picha ya kizibo hakuna hata moja!

Jamani, joto halitulii, linatoka kwenye cha moto linaenda kwenye cha baridi mpaka vilingane, chupa kazi yake ni kulichelewesha tu. Ndo maana ina kuta mbili na hewa ya katikati imenyonywa, ujanja wa mwanasayansi James Dewar toka 1892, bila hewa joto halina pa kupitia, na ule weupe wa kung'aa ndani unalirudisha lile linalosafiri kama mwanga. Sasa mdomoni hapo hizo kuta hazipo, kuna kizibo peke yake, na mvuke wote unapanda kukipiga. Kikiwa plastiki tupu na mpira umelegea, mvuke unatoka na joto lake, hata chupa iwe ya laki moja umeliwa. Kwahiyo kigonge na kucha, kikilia kama kopo tupu achana nacho. Mpira ubonyeze, urudi wenyewe. Zile za kubonyeza juu chunguza mara mbili, njia ya chai nayo ni njia ya joto.

Namba moja kwangu Zojirushi ya chuma, Mjapani wa Osaka mwenye nembo ya tembo, yupo kwenye hii kazi toka 1918 na nampendelea, sifichi. Kizibo kinakaza haswa. Bei inauma lakini. Mbili Stanley, William Stanley ndo alileta chupa ya chuma tupu 1913, ikidondoka inabonyea tu maisha yanaendelea. Tatu zile kubwa za kioo za sebuleni, joto zinatunza vizuri ila chini ya chupa ya ndani kuna kachuchu ka kioo, ndipo walipozibia baada ya kunyonya hewa, kakikatika hewa inaingia, imekwisha habari yake. Za plastiki bei chee wekea maji ya kunywa.

Yoyote utakayochukua, suuza na maji ya moto kabla ya kumimina chai, la sivyo ukuta wa baridi utaanza kujipasha kwa chai yako.

Ila wauzaji! Mimi naombaga maji yaliyochemka niyaache humo dakika kumi kisha nishike ubavu, ukipata moto basi hewa haijanyonywa, ni kuta mbili tu. Muuzaji mmoja Kariakoo ubavu umewaka moto ananiambia hiyo ndo dalili chupa ina nguvu. Nguvu ya kupasha meza?? Nikamwambia alete nyingine tujaribu, palepale bei ikapanda elfu tano, eti ya kufungua boksi.