Duka la chapa Madungu, Chake Chake: fulana imara, na risiti yenye jina la mlipaji

Anayetaka kuchapisha fulana Pemba aende duka hili la Madungu, chumba cha chini chenye mlango wa kijani. Niliwapa kazi wakati wa kampeni za 2025, nikiwa mshika fedha wa mpwa wangu aliyegombea udiwani. Yeye anauza vipuri vya pikipiki. Fedha zake zote zilikuwa michango ya jamaa na marafiki, na kila shilingi ilipita mkononi mwangu.

Kazi yao ni safi. Fulana ni za pamba, nzito kiasi, hazionyeshi mwili. Kijana anaitandaza fulana juu ya ubao, anashusha fremu, anamimina rangi na kuivuta kwa kipande cha mpira, kwenda na kurudi. Kisha inaanikwa kambani, na ikikauka inapigwa pasi ya moto ili rangi ishike. Wengine hiyo pasi wanairuka, ndiyo maana fulana nyingi za kampeni zikifuliwa mara moja tu jina la mgombea linabanduka. Yangu naivaa shamba hadi leo na herufi zote zipo.

Lakini kilichonifanya niandike ni risiti zao. Siku niliyofuata mzigo wetu aliingia mtu wa mgombea mwengine. Alitaka fulana 1,000, atangulizwe mbele ya wote, na akaahidi kuongeza bei. Risiti, akasema, haina haja. Mwenye duka akamjibu kwa upole: "Sheikh, kazi yako naitaka. Ila hawa wametangulia, na risiti naikata kwa jina la anayelipa." Yule bwana akauliza kama inaweza kuandikwa "mteja" basi. Akaambiwa haiwezekani, akatoka, na mzigo wote ule ukaenda kwengine. Mwenye duka akarudi kuhesabu fulana zetu 60.

Huku kwetu utasikia kuwa mali ya mgombea ni baina yake na Mola wake. Utasikia pia kuwa tajiri ameshashiba, hatoiba. Yote mawili siyakubali. Anayeniomba kura ananiomba nimkabidhi fedha za umma, kwa hiyo nina haki ya kujua zake kazipata wapi na anazitumiaje kwetu. Wapo wenye uwezo waliochimba visima na kujenga madrasa miaka mingi kabla hawajawaza kugombea. Hao sina neno nao. Naogopa fedha inayoingia shehiani usiku bila ya mwenyewe kujulikana, maana atakayeitoa atakuja kuidai, na atamdai diwani wetu.

Mahakama Kuu ya Tanzania ilishavifuta vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni, mwaka 2006. Zanzibar nayo ina sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya 2015, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Ni sheria nzuri, lakini inamshika mtu akishakuwa kiongozi. Mgombea mpya anapita barazani kwetu hatuna karatasi hata moja ya kumsoma. Mimi ningetaka atangaze kabla hatujapiga kura.

Wala fedha peke yake hainunui kila mtu. Michael Bloomberg kule Marekani, mwaka 2020, alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake kutafuta tiketi ya chama chake ya kugombea urais, akashinda American Samoa tu, visiwa vidogo vilivyo chini ya Marekani. Ila Wamarekani walijua utajiri ule umetoka kwenye kampuni yake ya habari za fedha, na walijua anaumwaga yeye mwenyewe. Kwa hiyo walimpima wakiwa na hesabu mbele yao. Nasi tunastahili hivyo hivyo, hata kwa udiwani.

Turudi dukani. Bei ni moja kwa wote, wanataka nusu kwanza, na hawakopeshi. Mabango makubwa wanayaagiza Unguja, kwa hiyo yaombe mapema. Yetu yalifika mkutano wa kwanza umeshapita. Andika jina unalotaka lichapishwe kwa herufi kubwa, kwa sababu kijana anafuata karatasi yako kama ilivyo. Kofia usiwape, uzi unafumuka.