Uchambuzi: Citroën H ya Zamani Iliyogeuzwa Baa ya Sherehe

Watazamaji wapendwa, karibuni. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Citroën H, gari la mizigo la Kifaransa lililoundwa kuanzia 1947 hadi 1981. Hili la leo limegeuzwa baa inayotembea, na hukodishwa kwa harusi na sherehe za bustanini hapa Uingereza. Mtu akiyatazama magari ya namna hii anaweza kudhani kwamba yanafaa kwa picha tu. Mimi naona yana thamani halisi ya kazi, ila thamani hiyo haitokani na taa wala rangi mpya. Ilikuwamo tangu kiwandani, na wajibu wa fundi anayeligeuza ni kutoiharibu.

Tuanzie chini, kwa sababu huko ndiko sifa yake kubwa iliko. Injini imewekwa mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kwa hiyo hakuna propela shafti, yaani mtaimbo wa kupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma, inayopita chini, na sakafu imeweza kushushwa hadi takriban sentimita 35 kutoka ardhini. Mhudumu hupanda kwa hatua moja tu, na kwa kuwa kimo cha ndani kinakaribia mita 1.8, watu wengi husimama wima humo. Faida nyingine huonekana dirishani. Kaunta yenye kimo cha sentimita 90 juu ya sakafu hiyo humfikia mgeni aliyesimama nje usawa wa kifua, hivyo yeye na mhudumu hutazamana kama watu wanaozungumza. Gari lenye sakafu iliyoinuka huiinua kaunta hiyohiyo hadi usoni pa mgeni.

Linganisheni na Kombi ya Volkswagen, ambayo wengi wetu tunaifahamu tangu utotoni na ambayo nayo hugeuzwa baa mara kwa mara. Injini ya Kombi iko nyuma, hivyo sehemu ya nyuma ya sakafu imeinuka, na ndani yake mtu mzima hufanya kazi akiwa ameinama, isipokuwa paa limekatwa na kuinuliwa. Sura ya Kombi inavutia zaidi, sibishi. Lakini kwa anayehudumia wageni jioni nzima, mgongo wake utachagua Citroën.

Sasa tazameni bodi. Mikunjo hii inayofanana na bati la migongo si pambo. Wabunifu waliiga ndege za Kijerumani za Junkers, kwani karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa hivi huwa ngumu bila kuongezewa uzito. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chini ya kubebea bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Kwa sababu hiyo, fundi anapokata ubavu ili apate dirisha la kuuzia anakata sehemu ya mwili unaoshikilia gari zima. Hapa fundi ametenda vyema: amezungushia uwazi wote fremu ya chuma cha mraba, na kipande kilichokatwa amekitia bawaba, kikawa kivuli juu ya wateja. Mnapokagua gari jingine, fungueni na kufunga kifuniko hicho, kisha mtazame kama milango ya mbele bado inafunga sawasawa. Baada ya hapo lalini chini mkague sakafu na kingo zake, kwa maana kutu huweza kujificha chini ya rangi mpya.

Jambo nisiloliafiki ni mahali yalipowekwa mapipa ya bia. Pipa la lita 50 likijaa huzidi kilo 60, na hapa mapipa yote yamepangwa mwisho kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, ili yawe karibu na mlango. Uzito huo huyapunguzia magurudumu ya mbele mkandamizo, na hayo ndiyo yanayovuta. Katika bustani yenye majani yaliyolowa na mteremko kidogo, yatazunguka bila kwenda popote. Mapipa yangewekwa nyuma ya viti vya mbele, na sinki likapelekwa mwisho, tatizo lingepungua sana.

Kuhusu uendeshaji sitasema mengi. Gia za mbele ni tatu, ya kwanza huingia vizuri gari likiwa limesimama, na breki hudai mguu wenye nguvu. Kwa sherehe ya mbali, ni busara gari lipelekwe juu ya lori.

Mabomba manne ya shaba juu ya kaunta yanapendeza na yanafanya kazi vizuri, isipokuwa kibao cha bomba la tatu kimeandikwa Prosecco. Kanuni zinazolinda jina hilo la Kiitalia haziruhusu divai inayotoka kwenye pipa kuuzwa kwa jina hilo. Prosecco hutoka kwenye chupa. Kibao kiandikwe divai yenye mapovu, na atakayetaka Prosecco afunguliwe chupa.

Kwa mnaopanga kukodi nchini England au Wales: ikiwa wageni watalipia pombe dirishani na mahali penyewe hapana leseni, ni lazima halmashauri ipewe taarifa ya tukio la muda (Temporary Event Notice). Ada yake ni pauni 21, taarifa hupelekwa walau siku 10 za kazi kabla ya tukio, na idadi ya watu waliopo kwa wakati mmoja haipaswi kuzidi 499, wahudumu wakiwemo. Muulizeni mwenye gari ni nani atakayeipeleka, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Harusi zetu nyingi zina wageni wasiokunywa pombe kabisa, basi ombeni mapema bomba moja litengwe kwa juisi, mpira wake uwe mpya, na kama ni juisi ya ukwaju ichujwe mara mbili, kwa sababu nyuzi zake zitaziba bomba kabla foleni haijafika katikati.